Pikapu Kuukuu Inayogonga Mbele: Kipi Kibadilishwe, na kwa Utaratibu Gani

Swali: Nina Isuzu TFR ya mwaka 1997, ya dizeli, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ambayo hubeba chakula cha kuku kutoka Industrial Area hadi dukani kwangu Kamulu. Kwa miezi kadhaa sasa upande wa mbele unagonga ninapopita kwenye muramu yenye mashimo, usukani umelegea, gari linavuta kushoto, na tairi la mbele la kushoto limelika ukingo wa ndani. Fundi mmoja amenishauri nibadilishe shoki na kukaza tosheni ili gari liwe gumu. Mwingine anasema ninunue mikono ya mbele iliyotumika pamoja na boljointi zake, au boljointi nilizo nazo zijazwe upya. Nifuate ushauri upi, na je, kuna sehemu ya kazi hii ninayoweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

Jibu: Ndugu msomaji, ushauri wa fundi wa kwanza ungekugharimu pesa na kukuachia tatizo lile lile, na ushauri wa pili una hatari ndani yake. Hata hivyo, kabla ya kusema kipi kibadilishwe, sharti nieleze jinsi gari hili linavyobeba uzito wake, kwa kuwa makosa mengi katika kazi hii huanzia hapo.

Mbele ya TFR hakuna springi za mviringo wala za majani. Kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, kila mmoja ukiishia kwenye boljointi, yaani tufe la chuma lenye shina linalozunguka ndani ya kikombe, na uzito wa gari hubebwa na fimbo ndefu ya chuma, yaani tosheni, ambayo kwa mbele imeshikamana na mkono wa chini na kwa nyuma imefungwa kwenye chasisi kwa bolti ya kurekebishia kimo. Gurudumu likipanda, mkono wa chini huisokota fimbo hiyo, nayo hujitahidi kurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo boljointi ya chini ndiyo inayobeba mzigo, na ile ya juu kazi yake kubwa ni kuliongoza gurudumu. Shoki haibebi uzito wa gari. Hutuliza mrukoruko baada ya tosheni kusokotwa. Shoki iliyokufa hulifanya gari lirukeruke baada ya tuta, na baada ya muda tairi hulika kwa mabonde mabonde, lakini haiwezi kulegeza usukani wala kula ukingo wa ndani wa tairi moja pekee.

Ama kuhusu kukaza tosheni, imani kwamba gari huwa gumu zaidi bolti ile ikikazwa imeenea sana katika gereji za Nairobi, na haina msingi. Ugumu wa fimbo hutokana na unene wake, urefu wake na aina ya chuma chake, na bolti haiwezi kubadilisha lolote kati ya hayo. Inachofanya ni kuinua pua ya gari. Pua ikiinuliwa kupita kiasi, gurudumu hukosa nafasi ya kushukia shimoni, mkono hugonga kizuizi chake kila mara, boljointi hulazimika kufanya kazi katika pembe ambazo hazikuundiwa, na mwinamo wa magurudumu, yaani kulala kwake kwa ndani au kwa nje, hubadilika. Gari huhisiwa kuwa gumu kwa sababu limenyimwa nafasi ya kucheza, na dereva hulipa gharama hiyo kwa tairi na viungo. Bolti hiyo iguswe kwa sababu moja tu: kurudisha kimo pale kiwanda kilipokiweka, ikiwa fimbo imelala kwa uzee. Kwa gari la umri wa lako jambo hilo linawezekana kabisa, na pua iliyolala huweza yenyewe kuinamisha magurudumu kwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, liegeshe gari mahali palipo sawa likiwa halina mzigo, upime kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, na uandike vipimo hivyo. Utavihitaji tena mwisho wa kazi.

Sasa tuje kwenye upimaji, ambao ndio nusu ya kazi yenyewe. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, kisha weka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu na boljointi kadiri inavyowezekana, wala si chini ya chasisi. Fundi akiinua gari kwa chasisi, tosheni huendelea kuusukuma mkono kwenda chini na kuibana boljointi ndani ya kikombe chake, hivyo kiungo kilichokwisha kabisa huonekana kizima. Hii ndiyo sababu mojawapo ya watu kuambiwa boljointi zao ni nzuri na kisha gurudumu kukunjika barabarani.

Tairi likiwa limeinuka kidogo tu kutoka chini, lishike juu na chini, ulivute na kulisukuma. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki, kisha urudie. Mchezo ukitoweka, tatizo ni beringi za gurudumu, ambazo pengine zinahitaji kusafishwa, kupakwa grisi mpya na kukazwa tu. Ukibaki, tatizo ni boljointi, na macho ya msaidizi mwingine yatakuonyesha kama ni ya juu au ya chini. Halafu pitisha mtaimbo chini ya tairi na uliinue taratibu: gurudumu likipanda ilhali mkono wa chini haujasogea, boljointi ya chini imekwisha, na hakuna haja ya kujadiliana zaidi.

Viungo vya usukani vipimwe magurudumu yakiwa chini, yamebeba uzito. Msaidizi azungushe usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, nawe ukiwa chini ya gari uguse kila kiungo kwa vidole. Tairodi-endi, yaani kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani (tairodi), ikiisha utaihisi ikichelewa: fimbo inasogea kwanza, kifundo cha gurudumu, yaani chuma kinacholibeba, kinafuata baadaye. Kiungo kinachosahaulika sana ni aidla, ule mkono mfupi ulio upande wa kushoto wa chasisi, mkabala na gia ya usukani, unaoibeba fimbo ya kati. Ushike na kuusukuma juu na chini. Ukicheza, magurudumu hubadilisha mwelekeo wake kila gari linapopita shimoni, na hakuna alaimenti, yaani upangaji wa magurudumu, itakayodumu hata wiki moja. Kwa usukani uliolegea katika gari la umri huu, mimi huanza kuishuku aidla kabla ya gia ya usukani, ambayo mafundi wengi hukimbilia kuikaza na kuiharibu.

Bushi za mikono, yaani mipira inayoishikilia kwenye chasisi, hupimwa kwa macho na mtaimbo. Mpira uliopasuka, bolti iliyohama katikati ya tundu lake, au mkono unaosogea mbele na nyuma kwa urahisi ni ushahidi wa kutosha. Bushi za mkono wa juu zikiisha, sehemu ya juu ya gurudumu hulala kwa ndani, na hapo ndipo ukingo wa ndani wa tairi huliwa. Pitisha kiganja juu ya tairi lako kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani: likiwa laini pande zote mbili, sababu ni mwinamo, likikwaruza kama meno ya msumeno upande mmoja, sababu ni magurudumu kutolingana mwelekeo, na hilo hukurudisha kwenye tairodi na aidla.

Vuto la kushoto nalo nalitenga na tairi kuliwa, ingawa huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Gurudumu lililolala kwa ndani upande wa kushoto halielekei kulivuta gari kushoto. Likifanya lolote, hulielekeza kulia. Kinachovuta kushoto ni gurudumu la kushoto kurudi nyuma kuliko la kulia, na katika pikapu ya aina hii hilo hutokea pale mipira ya fimbo inayouzuia mkono wa chini usirudi nyuma inapochoka. Ukiona gari linazidi kuvuta unapokanyaga breki, tazama mipira hiyo mapema, halafu breki zenyewe. Usisahau pia kwamba sisi huendesha upande wa kushoto na barabara nyingi zimeinamishwa ili maji yatiririke pembeni, kwa hiyo vuto dogo la kushoto kwenye barabara ya Kangundo si ugonjwa. Lipime gari kwenye uwanja ulio tambarare kabla ya kulihukumu.

Kuhusu kugonga, lipitishe gari juu ya tuta ambalo magurudumu yote mawili ya mbele hulipanda kwa pamoja, kisha upitishe gurudumu moja tu katika shimo. Likinyamaza kwenye tuta na kugonga kwenye shimo, anza na linki na mipira ya stabilaiza, yaani fimbo inayounganisha pande mbili za mbele, kwa kuwa fimbo hiyo hufanya kazi pale tu magurudumu yanapotofautiana kimo. Mipira ya kichwa cha shoki nayo hugonga sana ikiisha, hata kama shoki yenyewe bado ni nzima. Vyote viwili ni vipuri vya bei ndogo, na inasikitisha kuona mtu akinunua shoki nne kwa sababu ya kipande cha mpira.

Sasa kuhusu kununua. Mikono iliyotumika sikushauri uichukue, isipokuwa kama wako umepinda au umepasuka. Mkono ni chuma kizito ambacho hakiishi kwa kutumika. Kinachoisha ni boljointi na bushi, na ukinunua mkono kutoka kwa gari lililovunjwa umenunua boljointi na bushi ambazo umri wake huujui. Ukilazimika kuuchukua, uchukue kama chuma kitupu na uutie viungo vipya.

Boljointi kujazwa upya nakukataza kabisa. Kazi hiyo huziba mchezo kwa plastiki au kwa kubana kikombe, lakini tufe lililolika na ukingo wa kikombe uliokonda hubaki vile vile, na kwa kuwa mchezo hausikiki tena, unapoteza onyo pekee ulilokuwa nalo. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu hulala nje chini ya madigadi, gari huanguka upande huo, na mpira wa breki waweza kukatika papo hapo. Kwa gari lenye magunia ya mash nyuma na matatu mbele yake, gharama ya boljointi mbili mpya si kitu.

Utakapokwenda Kirinyaga Road, ambako wazee bado hupaita Grogan, beba namba ya chasisi na, ikiwezekana, kipuri cha zamani mkononi. TFR na ndugu yake TFS anayesukumwa na magurudumu yote manne hufanana kwa jina kuliko kwa vipuri, na muuzaji mwenye haraka atakupa cha mwingine. Jina lililoandikwa kwenye boksi halitoshi. Boljointi za 555 kutoka Japani, kwa mfano, zina sifa nzuri, na sifa hiyo ndiyo inayowavutia wanaoiga. Toa kipuri kwenye boksi: maandishi yawe yamechongwa wazi kwenye chuma, mpira wa kuzuia vumbi usiwe na nyufa, nati mpya na kotapini (pini inayoizuia nati isilegee) viwemo, na shina lizunguke kwa ugumu ulio sawa bila kukwama wala kulegea. Dai risiti yenye namba ya kipuri.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote mara moja, ziende kwanza kwenye vitu vinavyolishika gurudumu: boljointi za chini, zote mbili hata kama moja tu ndiyo imekwisha, kisha tairodi-endi zinazocheza, kisha aidla. Zifuate boljointi za juu na bushi. Shoki ziwe za mwisho, nazo zibadilishwe kwa jozi. Kumbuka pia kwamba pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na viungo vya usukani vinavyocheza ni miongoni mwa mambo yanayoweza kukurudisha nyumbani bila cheti.

Unaweza kufanya nini mwenyewe? Mipira ya stabilaiza, shoki na hata tairodi-endi, ukiwa na zana na sakafu ya saruji. Usiinue gari juu ya udongo mtupu, na usilale chini ya gari lililoegemezwa kwenye jiwe la Ndarugo. Jiwe la kujengea hupasuka ghafla bila kutoa sauti ya onyo. Tumia stendi za chuma. Kabla ya kutoa tairodi-endi, hesabu mizunguko yake au weka alama ya rangi, ili ile mpya ikae karibu na pale ya zamani ilipokuwa na gari liweze kufika kwenye alaimenti bila kuteleza kama kaa. Boljointi, bushi na chochote kinachohusu kuufungua mkono wa chini nakusihi uviache kwa fundi, lakini simama pale, kwa sababu kuna mambo ambayo fundi mwenye haraka huyaruka.

La kwanza ni usalama. Tosheni iliyosokotwa ina nguvu ya kuvunja mkono wa mtu. Anayebadilisha boljointi yoyote ahakikishe jeki iko chini ya mkono wa chini muda wote, na anayeutoa mkono wa chini ailegeze kwanza bolti ya tosheni hadi mwisho, akiwa ameandika idadi ya nyuzi zinazoonekana. Fimbo za kushoto na kulia ziwekewe alama, maana hazibadilishani: kila moja imeandaliwa kusokotwa upande wake.

Kuitoa boljointi kwenye kifundo, fundi asipige nati wala ncha ya shina. Ailegeze nati bila kuitoa yote, kisha apige ubavu wa jicho la kifundo kwa nyundo, huku nyundo nyingine nzito imeegemezwa upande wa pili. Shina litaachia lenyewe. Inaporudishwa mpya, shina na tundu lake viwe safi na vikavu, bila grisi, kwa kuwa ni mkwaruzano wa chuma kwa chuma unaovishika. Nati ikazwe kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kitabu cha gari, na tundu la kotapini lisipolingana na meno ya nati, iongezwe kukazwa hadi lilingane. Kuilegeza ili kotapini ipite ni kosa, hata kama ni robo ya mzunguko tu. Kaliper ikitolewa, ifungwe kwa waya kwenye chasisi. Isining'inie kwa mpira wake wa breki.

Kati ya bolti za mkono wa juu na chasisi utakuta vipande vyembamba vya bati, yaani shimu. Hivyo ndivyo vinavyoamua mwinamo wa gurudumu. Kila rundo lifungwe pamoja na kuandikwa lilikotoka, mbele au nyuma, kushoto au kulia, na lirudi pale pale. Nimeona gereji ambako shimu zote hutupwa katika kopo moja, na mwenye gari hushangaa kwa nini tairi jipya limeliwa kabla ya mwezi kwisha.

Jambo la bushi ndilo ninalotaka ulisimamie kuliko yote. Bushi zitolewe na kuingizwa kwa presi, si kwa nyundo wala kwa kuzichoma moto, kwa sababu nyundo hupinda jicho la mkono na bushi mpya haitakaa sawa. Zikishaingia, mikono ifungwe lakini bolti za bushi zibaki zimelegea kidogo. Gari lishushwe chini, kimo kirudishwe kwenye kipimo sahihi, lisukumwe juu na chini mara kadhaa ili litulie, na hapo ndipo bolti zikazwe hadi mwisho. Mpira wa bushi hauzunguki kama beringi. Umeng'ang'ania chuma cha ndani na cha nje, na mkono unapopanda na kushuka mpira ndio unaojisokota. Bolti zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mikono imening'inia, mpira utakuwa umesokotwa wakati wote gari linapokuwa barabarani, na shimo la kwanza kubwa litamalizia kazi ya kuupasua. Bushi nzuri zinaweza kuharibika kwa miezi michache kwa sababu hii tu, na lawama ikamwangukia muuzaji. Wapo watakaokuuzia bushi za poliyurethani kwamba hudumu zaidi. Kwa gari la mizigo linalopita vumbini kila siku, mimi ningebaki na mpira, maana zile hutaka grisi na zikiikosa hulia.

Baada ya hapo liendeshe gari kilomita chache ili litulie, ndipo ulipeleke kwenye alaimenti. Waulize mapema kama wanapima mwinamo wa magurudumu na mwegemeo wa kifundo, yaani kulala kwake mbele au nyuma, au wanarekebisha tairodi pekee. Mahali pengi hufanya hili la pili na kuliita kazi kamili. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Mwinamo wa kushoto ukiwa bado mbaya, dawa ni kuongeza au kupunguza shimu, wala si kugusa bolti ya tosheni. Baada ya takriban kilomita 100 kaza tena nati za magurudumu, hakikisha kila kotapini ipo, na pale penye nipuli, yaani tundu la kuingizia grisi, patiwe grisi kila unapobadilisha oili ya injini.

Vuto la kushoto likibaki hata baada ya haya yote, badilishanisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia. Vuto likihamia kulia, lawama ni ya tairi. Lisipohama, endesha mwendo mfupi bila kutumia breki sana, kisha uguse rimu zote mbili: ya kushoto ikiwa na moto kuliko ya kulia, kaliper ya upande huo imekwama, na kazi inayofuata ni ya breki.